Kilio Kisicho na Maiti

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya upande wa Wamaza, na sioni aibu kusema kwamba naogopa mambo mengi: radi, madaraja ya miti, na mtu anayeniambia nisiogope. Mwalimu aliyekuja kutufundisha mjini Kasongo alisema "usiogope" kabla hata sijamaliza kumweleza ninachoogopa.

Tuliitwa wauguzi wa vituo mbalimbali tujifunze namna ya kuzungumza na wagonjwa, na jamaa zao, na sisi kwa sisi. Mwalimu hakutaka tuandike. Alitaka tuigize. Siku ya kwanza tuliigiza mkuu mkali na mfanyakazi mchelewaji, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kesho yake asubuhi akasema leo ni habari mbaya. Akamnyooshea kidole mwenzangu wa kituo kimoja nami, mwanamume mwenye haraka, ambaye kazini hutoa habari ya kifo amesimama mlangoni, mikono mfukoni, kama anayetangaza kwamba dawa zimekwisha. "Wewe ni muuguzi." Kisha akaninyooshea mimi. "Na wewe ni mama. Mtoto wako amefariki."

Nilikuwa nimemwacha mwanangu wa mwisho kwa mama yangu, ana homa. Dawa nilimpa, na nilipoondoka homa ilikuwa imeanza kushuka. Lakini tangu nifike Kasongo sikuwa nimepata neno lolote, maana kwetu mtandao unapatikana juu ya kilima tu, na mama hana simu. Na kwetu kila mtu anajua kwamba kilio cha msiba hakitolewi bure. Ukikitoa bila maiti, umeiita.

"Mwalimu, nipe kazi nyingine," nikasema. "Nifanye muuguzi. Nifanye hata mlango."

"Ni teatre tu, mama. Usiogope."

Akamfundisha mwenzangu: vua kofia, kaa, macho yako yawe sawa na ya mama, mwite kwa heshima, nyamaza kidogo, ndipo useme. Mwenzangu akaketi mbele yangu, kofia magotini.

"Mama," akasema. Akanyamaza kidogo. "Mama, tulijaribu. Mutoto ametuacha."

Nilikuwa nimepanga kulia kidogo, kwa adabu, kilio cha ofisini. Kikatoka kilio chenyewe. Hofu yote niliyoibeba tangu nyumbani ilitokea mdomoni, nikajikuta sakafuni, mikono kichwani, naita mwanangu ee, mwanangu. Wenzangu wakapiga makofi. Mwalimu akasema vizuri sana.

Halafu mlango ukafunguliwa. Ukumbi tuliokuwamo umezungukwa na nyumba za watu, na mwanamke wa Kasongo akisikia kilio haulizi kwanza ni cha nani. Waliacha michi ndani ya vinu, wakafunga vitenge viunoni, wakaingia, wakaketi sakafuni kunizunguka na kuanza kuitikia. Mmoja alinilaza kichwa kifuani pake. Alinukia sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mwalimu alisimama na kalamu yake ya ubaoni, mdomo wazi.

Mama mmoja mzee, aliyejitanda ushungi mweupe, ndiye aliyeuliza. "Maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti, mama," mwalimu akajibu. "Ni mchezo. Wanajifunza kazi."

Kilio kikakatika. Yule mama hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi. "Uko na mutoto?"

"Niko naye, mama. Iko na homa, kule Wamaza."

Akainuka polepole, akakung'uta kitenge. "Basi rudia kwako. Umuite, akuitike na kinywa yake. Bila vile, kilio hii haina pahali ya kulala."

Mimi nimesoma. Najua malaria inaletwa na mbu, si na koo la mama. Nilijiambia hivyo huku nikikusanya nguo zangu. Mwalimu alisema nikiondoka sitapata cheti. Nikamwambia basi aigize kwamba amenipa.

Mvua ilituzuia mpaka mchana. Ilipokatika, mwenzangu alinipakia kwenye pikipiki yake tukaondoka. Katika kijiji cha kwanza mwanamke mmoja alisimama kando ya njia. "Pole, mama. Pole sana." Nikadhani ni pole ya safari. Katika kijiji kilichofuata wanaume waliokuwa wamekaa kibarazani walisimama, wakavua kofia. "Mungu akutie nguvu, mama."

Ama madereva wa pikipiki waliopita Kasongo asubuhi kabla ya mvua walikuwa wamebeba kilio changu na kukitangulizia mbele, ama habari ilikuwa imetoka nyumbani ikaja kunipokea. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

"Nisimame tuulize?" mwenzangu akasema.

"Usisimame!"

Maana maadamu nilikuwa sijauliza, mwanangu alikuwa hai. Siku hiyo nilivuka madaraja ya miti nimekaa juu ya pikipiki, mimi ambaye siku zote hushuka nikavuka kwa miguu. Sikuyaona hata maji.

Tulifika jua likielekea kuzama. Uani kwa mama yangu mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanawake walikuwa wameketi, vitenge viunoni, na wanaume wamekusanyika pembeni. Nikakaa chini hapohapo njiani, kando ya pikipiki.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Nenda uangalie."

Nilimwona akipita katikati ya watu, akainama kusema na mama yangu, akachungulia jikoni. Kisha akageuka, akaanza kurudi polepole. Miaka yote niliyofanya kazi naye sijawahi kumwona akitembea polepole. Alipofika mbele yangu akavua kofia.

"Hapana," nikasema.

Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. "Mama," akasema. Akanyamaza kidogo.

Katika kunyamaza kule nilimzika mwanangu. Nilimuosha, nikamvika, nikachagua hata mahali.

"Mama, mutoto iko muzima. Anakula."

Nilimpiga kofi mbele ya msiba mzima. Kisha nikaita jina la mwanangu kwa nguvu zote nilizobakiza, na kutoka jikoni akaitika, "Mama!", mdomo umejaa ugali.

Kumbe ni madereva kweli waliokileta kilio changu. Mama yangu alikuwa amewaonyesha watu mtoto yuko hai, lakini hakuna aliyeondoka, kwa sababu kilio kikishasikika hakiachwi mpaka mwenyewe aje aseme amemlilia nani. Nikawaambia sikumlilia mtu. Hakuna aliyecheka. Walikunja mikeka taratibu, na kila aliyepita alimgusa mwanangu kichwani kwanza.

Mwenzangu siku hizi hutoa habari mbaya vizuri kuliko sisi sote, mafunzo yalimfaa. Mimi cheti sikupata. Lakini nikiwa na habari njema ya kumpa mama wa watu, siketi, sivui kitu, sinyamazi hata kidogo. Naipiga kelele nikiwa bado mlangoni: yuko hai, mama, yuko hai.