Mpishi Aliyekataa Kuonja Biskuti Zake

Jumapili moja mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Nyeri. Baada ya ibada nikakuta vijana wa kanisa wamepanga meza uani wakiuza biskuti, kila pakiti imefungwa kwa nailoni na kubandikwa namba ya kulipia kwa simu. Nikachukua moja, nikaigeuza, nikainusa, nikauliza nani amepika. Msichana aliyekuwa akiuza akacheka. "Auntie, hizo ni fresh kabisa. Wewe amini tu." Amini tu! Hujui jinsi maneno hayo yanavyonifanya nishike mkoba wangu kwa mikono miwili. Nimelelewa na mwanamke aliyeshuku hata mvua, na mauzo ya kwanza ya biskuti niliyoyaona maishani yalifanyika katika uwanja uo huo, nusura yaishie kwenye aibu kubwa.

Huyo mwanamke ni nyanya yangu, ambaye sote tulimwita cucu. Cucu alinusa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe kabla ya kuyachemsha, kana kwamba ng'ombe angeweza kumchezea shere. Jirani akituletea maparachichi, tulipokea, tukashukuru, halafu mlango ukifungwa cucu ananigeukia: "Sasa huyu anataka nini?" Mtu akimsalimia kwa furaha nyingi asubuhi, anaitikia vizuri, kisha ananong'ona kwamba mtu wa kucheka hivyo kabla ya chai ana jambo. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa hivi, na niliamini kwamba dunia yote ilikuwa imekaa mahali fulani ikipanga kumdanganya cucu.

Shangazi, kitinda mimba wake, alikuwa kinyume chake kabisa. Yeye ndiye aliyesimamia kundi la vijana kanisani, na mwaka huo alitaka kuwapeleka Murang'a kwenye mashindano ya kwaya. Kawaida ya kanisa letu, ukitaka kuchanga pesa unaleta kabichi, mayai na kuku, vinanadiwa nje baada ya ibada. Lakini nani ashindanie kabichi ilhali ana mstari mzima wa kabichi nyumbani? Shangazi akasema mwaka huu tutauza biskuti. Wazo likapendwa sana, mpaka ikagundulika kwamba hakuna hata mmoja aliyejua kuoka biskuti.

Sasa, katika ploti ya vyumba vya kupanga chini ya shamba letu alikuwa amehamia mama mmoja mjane kutoka Majengo, mtaa wa mjini, Mwislamu, mwenye watoto wawili wadogo. Alioka mikate na maandazi, akaweka meza mlangoni, na watu wetu wakapita mbele ya ile meza kila siku wakimsalimia kwa heshima zote, halafu wakaenda dukani barabarani kununua mkate wa jana. Hakuna aliyekuwa amegombana naye. Walisema tu hawajui anapika vipi. Yule mama alimwambia shangazi waziwazi kwamba mwezi huo ukiisha bila wateja atarudi kwa kaka yake mjini, ambako yeye na wanawe walilala sebuleni na kuamka kabla ya wenye nyumba. Basi wakapatana: yeye ataoka biskuti za vijana bila malipo, na shangazi atamsimamisha mbele ya kanisa zima ili watu wamjue. Wakizipenda biskuti, atakuwa amepata wateja, naye atabaki.

Cucu aliposikia alikuwa akimenya viazi. Akaacha kumenya. "Bure? Mtu akupikie bure?" Siku ya kuoka ilipofika akavaa sweta yake nzito, akanibebesha kigoda chake, tukashuka mpaka kwenye ploti. Akabisha hodi, akaingia jikoni kwa yule mama na kukaa karibu na mlango.

"Karibu, mama," akasema yule mama.

"Endelea tu na kazi yako," akasema cucu. "Mimi niko tu hapa."

Alikaa hapo siku mbili nzima. Zilikuwa ni mvua za Novemba, shule zimefungwa, na bati lile lilipigwa na mvua mpaka ilikuwa lazima kusema kwa sauti. Ningependa unione nilivyokuwa nimekaa sakafuni, nimeegemea gunia la makaa, nikila kwa pua. Yule mama hakuwa na oveni. Alitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka sinia la biskuti juu ya mawe madogo, akafunika kwa bati na kumwagia makaa ya moto juu yake. Alichekecha unga mara mbili. Alitwanga iliki kwenye kinu kidogo cha mbao, na harufu ilipopanda cucu akanyoosha mkono bila kuomba, akachukua punje moja, akaitafuna polepole huku akimkazia macho mwenyewe. Kila yai lilipovunjwa, cucu aliinuka kulinusa.

Kisha akaanza kuninong'oneza kwa Kikuyu, akidhani haeleweki. Umeona ameosha mikono? Umeona hajaonja? Asubuhi yote hajaonja! Mimi nilikuwa nimekwisha kumsikia yule mama akiongea Kikuyu na mwuza maziwa, safi kabisa kwani alizaliwa Nyeri hiihii, nami nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Yeye hakuonyesha kwamba amesikia. Aliendelea kukata duara za unga kwa mdomo wa kikombe, na alipomaliza akamletea cucu chai ya tangawizi. Cucu akamshukuru na kuiacha ipoe.

Jumapili ikafika. Shangazi alipanga sinia chini ya ukingo wa paa la kanisa kwa ajili ya manyunyu, akazifunika kwa kitambaa cheupe alichokipiga pasi mwenyewe. Yule mama alisimama kando yake, amejifunga mtandio wa rangi ya samawati, watoto wake wamemshika nguo. Watu walipotoka ibadani shangazi akawatangazia huyu ni nani na anakaa wapi, na kwamba mikono yake ndiyo iliyooka. Vitoto vikaanza kujipenyeza mbele. Nilimwona yule mama akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Mzee wa kanisa ndiye aliyeheshimiwa kununua wa kwanza. Kwetu, ukimletea mgeni uji, unapiga funda moja mbele yake ndipo umpe kibuyu, ajue kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Hata leo wazee wengine hawanywi bila hivyo. Mzee hakuwa na nia mbaya. Aliimega biskuti katikati, akamnyooshea yule mama nusu huku akicheka: "Mwenye kupika aonje kwanza, ndio sisi tukule na roho safi."

Yule mama akaurudisha mkono wake nyuma. "Samahani sana, mzee. Nimefunga. Ni mwezi wa Ramadhani. Mpaka jioni."

Mzee akabaki na ile nusu mkononi. Kisha mama mmoja wa kwaya akauliza, na nakiri lilikuwa swali la maana kwa watu kama sisi: "Ati umefunga? Sasa umepika aje bila kuonja? Umejua aje iko na sukari?"

"Nimezoea kwa mkono, dada. Na kwa harufu."

"Kwa harufu!" mwingine akadakia.

Ukitaka kujua hofu inavyosambaa, uwe mtoto, usimame kwenye kimo cha viuno vya watu. Niliona mikono ikirudi mifukoni. Niliona mama mmoja akiingiza kidole mdomoni mwa mwanawe na kutoa kipande kilichokwisha kulowa. Shangazi akala biskuti tatu mfululizo kwa hasira, wakamwambia kula kwake hakuhesabiwi, yeye ndiye mwenye mauzo. Yule mama hakubishana na mtu. Alianza kukikunja kile kitambaa cheupe, pembe kwa pembe, na mtoto wake mkubwa akamwuliza kama sasa wanarudi kwa mjomba.

Hapo ndipo cucu akainuka kutoka kwenye benchi.

"Mimi simwamini huyu mama," akasema, kwa sauti ya kufika barabarani. Nilitamani ardhi inimeze. "Simwamini hata kidogo. Ndio maana nimekaa jikoni yake siku mbili kama askari. Unga nimeona ikichekechwa. Mayai nimenusa yote. Hiyo kitu ya kunukia nimetafuna mimi mwenyewe, ni mbegu tu. Na huyu mama tangu asubuhi mpaka tuende hajaweka kitu kwa mdomo, hata maji. Nyinyi mnamshuku na hamjui hata jikoni yake inaangalia wapi!" Akachukua ile nusu mkononi mwa mzee, akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka ikaisha. Halafu akamgeukia yule mama wa kwaya. "Na ile githeri yako tulikula kwa harambee, ni nani alikaa jikoni ukipika?"

Watu wakaangua kicheko, na sinia zikaisha kabla ya manyunyu kugeuka mvua. Kama cucu asiyeamini mtu amekula, wangebisha wao ni nani? Lakini mimi nilikuwa nikimtazama yule mama. Lile neno simwamini lilikuwa limempiga usoni mbele ya wanawe, naye akalipokea akiwa amesimama wima. Baadaye, langoni, akamwambia cucu kwa Kikuyu safi: asante, mama. Cucu alishtuka, nadhani alikuwa akikumbuka yote aliyoyanong'ona siku zile mbili. Akakohoa. "Kesho nitakuja tena," akasema.

Akaja kweli, na wengine nao wakaja. Mama yule alipata wateja, akabaki, ila hakuna aliyenunua mkate bila kukaa kwanza kutazama ukiokwa. Jikoni mle mlijaa wanawake wa kanisa juu ya vigoda na madebe, wamekodoa macho, wakishuku huku wakisuka vikapu, wakishuku huku wakisimulia habari za waume zao. Mwezi wa mfungo walikaa na njaa pamoja naye kwa kuona haya kula mbele yake. Yule mama alipokawia kupona homa mwaka mmoja, wao ndio waliowasha makaa na kuoka, maana walikwisha kuijua kazi yote kwa kuipeleleza.

Cucu alipozeeka na kulala kitandani alitushuku sote, hadi shangazi. Uji wa shangazi aliugeuza na kijiko akitafuta kitu. "Niitieni yule," anasema, na yule mama anapanda mlima na bakuli lake. Cucu anafungua mdomo, analishwa, ananitazama. "Bado simwamini," ananiambia, mdomo umejaa.

Wote wawili wamekwenda sasa, na pale penye ploti pamejengwa ghorofa lenye lango la chuma na mlinzi asiyenijua. Mimi naishi mjini. Jioni naagiza chakula kwa simu. Kinaletwa na kijana nisiyemjua, kimepikwa na mtu nisiyemjua, nami nakila bila swali. Nikipika mwenyewe, majirani zangu hawanishuku. Sijapata kusikia hodi, nikafungua, nikakuta mtu amebeba kigoda.