Neno Lisilo na Mashaallah

Nilipokuwa darasa la tano, nyumbani kwetu Tanga hakukuwa na mtoto mchanga aliyeitwa mzuri. Aliyekuja kumtazama mzazi alimfunua mtoto, akakunja uso, akasema, "Kibaya hiki," na mama mtu akafurahi. Sifa huvuta kijicho. Mama alikihofu kijicho kuliko homa, maana alikwisha kumzika mtoto mmoja kabla ya mdogo wangu Salma.

Basi akaja Mama Nasrini, jirani yetu wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Alipomfunua Salma akasahau kabisa kukunja uso. "Biutifuli," akasema taratibu. Usiku ule Salma akawa wa moto, akagoma kunyonya. Asubuhi wakampeleka zahanati, wakarudi na dawa, lakini ziwa hakulitaka.

Bibi akaniita, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikisoma Kiingereza.

"Lile neno maana yake nini?"

"Zuri, Bibi. Mwalimu kasema hutumika kwa ua, kwa nyumba, hata kwa bahari."

"Na kwa mtoto wa watu?"

"Pia."

"Lina mashaallah ndani yake?"

Nililifikiria sana, maana nilimpenda Mama Nasrini. "Halina, Bibi."

Dawa ya kijicho ilijulikana: kipande cha nguo ya aliyesifu kichomwe, mtoto afukizwe. Lakini kukiomba ni kumwambia mtu jicho lake baya. Mama akalia. Siku za msiba wa yule wa kwanza, Mama Nasrini ndiye aliyekuwa akimlisha kwa mkono wake.

"Nenda kamwambie mtoto hanyonyi," Bibi akaniambia. "Usiongeze neno."

Nikamkuta anakata kitambaa cha mteja. Nikamwamkia, nikampa habari. Akanitazama, kisha akaushika mtandio wake wa hariri, ule wa Idi, akaukata pembeni.

"Mpe bibi yako. Mashaallah, mwanangu. Nilisahau."

Alasiri Salma akanyonya. Wa zahanati wangesema ni dawa yao, na huenda ni kweli. Sina ugomvi nao.

Kama jicho la mtu linaweza kudhuru, hadi leo sijui. Ninachojua ni kwamba mwanamke yule alifahamu anashukiwa kumtia jicho mtoto wa rafiki yake, wala hakuuliza nani kasema. Nimejiuliza mara nyingi kama mimi ningeweza, na bado sijathubutu kujijibu.