Mkono Kwanza, Bastola Baadaye

Siku yangu ya mwanzo kazini nilipewa bastola ndogo mno, na nikaambiwa nishukuru. Aliyenipa ni Raqibu wa ghala, yaani sajenti aliyeshika funguo za silaha, mtu wa Mutrah, hapa Muscat, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na maneno machache. Alizipanga mezani, moja kwa kila mwanamke, akasema zimechaguliwa makusudi kwa ajili yetu kwa sababu mikono ya wanawake ni midogo. Tulikuwa kikosi kipya cha wanawake katika idara ya ulinzi ambayo jina lake nitalihifadhi. Kazi yetu ilikuwa kuwalinda wageni wa kike wa nchi pale ambapo mlinzi mwanamme hana ruhusa ya kuingia. Harusini, upande wa wanawake, mwanamme atasimama wapi?

Uwongo mbaya, tuliipenda ile bastola. Ilikuwa nyepesi, imelala vizuri kiganjani, na ndani ya abaya ilikuwa haionekani kabisa. Tukaishika, tukaigeuza, tukasifiana. Hapo ndipo wengi wanapokosea mpaka leo: bastola tamu mezani si lazima iwe tamu uwanjani.

Siku ya mtihani wa kwanza, kwenye uwanja wa shabaha, tuliaibika. Mpini wake, pale mkono unaposhika, ulikuwa mfupi hata kidole cha mwisho kilikuwa kinaning'inia hewani, hakina pa kukaa. Na bastola nyepesi ina teke kubwa. Risasi ikitoka inaruka na kujipinda mkononi, na kila ukipiga inakubidi uishike upya. Aliyeshika juu sana alichunwa ngozi baina ya dole gumba na kidole cha shahada, kwa sababu chuma cha juu hurudi nyuma kwa nguvu. Karatasi za shabaha zilirudi na matundu kila pahala isipokuwa katikati.

Mkuu wetu alikuwa Naqibu, cheo cha kapteni. Wazee wake walirudi Oman kutoka Tabora, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa cha bara, na sie ambao wazee wetu walitoka Unguja tulikuwa tunamcheka chini chini, naye anajua. Siku ile hakuna aliyecheka. Alitupanga mstari akasema, bila ya kupandisha sauti:

"Mtihani wa pili ni mwezi ujao. Mkishindwa, kikosi kinavunjwa, mnarudi uwanja wa ndege kupekua mikoba. Mimi nilipigana ili mpate nafasi hii. Msiniangushe."

Aliyeumia zaidi ni Rahma. Alikuwa mdogo wetu kwa umri, mrefu, mwembamba, mtoto wa Madinat Sultan Qaboos aliyelelewa kwenye villa yenye bustani. Baba yake hakuitaka kazi hii hata kidogo, na alikuwa amemwambia akishindwa tu arudi nyumbani asubiri posa. Risasi zake ndizo zilizotawanyika kuliko za sote. Alikaa kwenye gari akalia mpaka mtandio ukarowa, nami nikamwambia anyamaze, tutapata njia. Njia yenyewe nilikuwa siijui.

Wiki ile kaka yangu alikuwa anaoa, nikaenda soko la Mutrah kununua bangili. Kama hujawahi kununua kwa wale wauzaji wa zamani, hawana kipimo. Yule mama alinishika mkono, akalikunja dole gumba langu ndani ya kiganja, akaminya mifupa, akasema, "Wewe vidole vifupi, lakini mfupa mpana. Watu wakiona vidole wanakupa bangili ndogo, halafu haipiti." Akanipa bangili kubwa kuliko nilivyotarajia, na ikapita sawasawa. Nilisimama pale na bangili zangu, watu wananisukuma, nnauangalia mkono wangu kama si wangu. Sie tulikuwa tumepewa bastola kwa kuangaliwa vidole tu, tena kwa mbali.

Kesho yake nikamwendea Raqibu. Nilimwambia mkono una mambo mawili na sie tumepimwa kwa moja, na hata hilo moja halikupimwa. Upana wa kiganja ndio unaotaka urefu wa mpini, ili vidole vyote vitatu vya chini vipate pa kukaa. Urefu wa kidole cha shahada ndio unaotaka unene wa mpini, kwa sababu mpini ukiwa mnene kidole hakifiki kwenye triga ila kwa kuupinda mkono, na ukiwa mwembamba kwa mwenye vidole virefu, kidole kinapita mpaka fundo la pili na kuivuta bastola upande. Raqibu alinisikiliza, akakuna ndevu, akasema mbona hayo yeye anayajua, tatizo ni amri. Alikuwa na bastola za kati ghalani, zenye vipande vya kubadilisha mgongo wa mpini, chembamba, cha wastani na kinene. Zilikuwa zimewekwa za wanaume.

Naqibu, nilipompelekea shauri hilo, hakukubali haraka, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema kinachoonekana chini ya nguo si mtutu, mtutu unalala na mwili. Kinachotokeza ni mpini. Mkichukua mpini mrefu, mgeni ataiona bastola kabla hajawaona nyinyi. Nikamjibu kwamba hilo la mshonaji, abaya ikipanuliwa ubavuni imekwisha khabari. Akataka kujua na mpini wenyewe uwe vipi, maana wa kati ulikuwa na michoro mikali kama kikwaruzo cha muhogo, utachana nguo na ngozi. Nikasema usilainishwe mno, kwani mwezi wa sita Muscat jasho linamiminika na mpini laini utateleza. Tukakubaliana michoro ibaki mikali mbele na nyuma, pale vidole na kiganja vinapobana, na ubavuni unaogusa mwili isuguliwe kidogo.

"Ukikosea," Naqibu akaniambia, "utapekua mikoba mpaka ustaafu."

"Na wewe utanisimamia," nikamjibu. Akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Tukapima mikono yote, mmoja mmoja, kwa kuminya kama yule mama wa bangili. Mie nilipata kipande chembamba. Rahma, ambaye kila mtu alimwona dhaifu na kumtakia kipande chembamba zaidi, alikuwa na vidole virefu kupita wote. Yeye alihitaji kile kinene, wanachotumia wanaume wenye miili yao. Aliposhika, mabega yakashuka. Siku ya mtihani wa pili alipiga katikati, akapiga tena, akaniangalia kama anayeniuliza ni yeye kweli. Sote tulipita. Baba yake, nnavyosikia, alizungumza naye kwenye chakula cha usiku na hakutaja posa.

Baada ya hapo nilipelekwa Bandari ya Sultan Qaboos kwa miaka kadhaa, kuwasindikiza wageni wa kike wanaoshuka kwenye meli kubwa za matembezi. Kazi ya kusimama juani na kutabasamu. Kisha Aqidi, kanali wa idara, akaniita nifundishe. Niliomba jambo moja tu: kila mwaka kila mmoja apimwe mkono, mdogo na mkubwa. Bastola tupu, imefunguliwa na kukaguliwa na watu wawili. Kwanza uweze kukivuta chuma cha juu mpaka mwisho bila ya kuhangaika. Halafu juu yake inawekwa sarafu ya baisa khamsini, unanyoosha mikono na kuvuta triga taratibu. Sarafu ikianguka, unapewa nafasi ya pili. Ikianguka tena, unaikabidhi bastola, unapangiwa kazi nyengine. Aqidi aliuliza, na anayepimwa akiwa mwenye cheo kikubwa je. Nikamwambia mgeni unayemlinda hajui cheo chako. Akatia saini.

Kanuni ile ilinipotezea marafiki. Nilimchukulia bastola mwanamke aliyenitangulia kazini, akakaa mwaka mzima akinisalimia kwa kichwa tu. Sikujuta. Ungenambia niregee leo, ningefanya vile vile.

Kisha baridi yabisi ikanianza kwenye mafundo ya dole gumba. Kwanza asubuhi tu, baadae mchana kutwa. Siku ya mtihani wangu niliingia chumbani, na msimamizi alikuwa Rahma, sasa naye ni Naqibu, nyota begani, miwani puani. Chuma cha juu nilikivuta, kwa taabu lakini nilikivuta. Akaweka sarafu. Ikaanguka. Akaiokota, akaiweka tena kwa upole, kama anayemlaza mtoto. Ikaanguka, ikabiringika mpaka chini ya kabati.

Rahma akaenda kuufunga mlango.

"Mwalimu, mkono umetoka jasho tu. Tupumzike, tujaribu tena. Hakuna aliyeona ila mie."

"Na mie je, sikuona?"

"Bila ya wewe mie nisingekuwa hapa," akasema.

"Basi nifanyie kama nilivyokufunza."

Niliifungua bastola, nikamwonesha kuwa ni tupu, nikaiweka mezani mpini ukimwelekea yeye. Hakuichukua kwanza. Alinishika mkono, akalikunja dole gumba langu ndani, akaminya mifupa taratibu, pale palipovimba. Kisha akaichukua bastola na kuandika matokeo. Nilijikaza mpaka nikafika kwenye gari, na humo nililia sana, sitaki kuficha. Niliipenda kazi ile.

Sasa nimestaafu, nakaa kwa binti yangu, chupa za achari ananifungulia yeye. Bastola yangu alipewa msichana mpya. Rahma alinipigia simu kuniambia kipande cha nyuma hakikubadilishwa, kimemkaa vile vile.

Kila wanapoingia wapya, Rahma huwaleta kwangu Ijumaa baada ya sala. Wanakunywa kahawa, wanakula halua, wanaanza kuniuliza: bastola ipi nzuri, nyepesi au nzito, ndogo au ya kati. Wana picha kwenye simu zao, wanabishana. Nnawaacha wabishane kidogo. Kisha nnawaambia waziweke simu chini, wanipe mikono. Wanaponipa, nnaishika kwa mkono huu huu ulioangusha sarafu, nnakunja dole gumba, nnaminya mifupa. Rahma hukaa pembeni na kikombe chake, ananingojea niseme. Nikishasema, huandika nilivyosema, wala hapimi tena.