Mwanafunzi wa Kumi

Kwenye maegesho ya chuo cha kaunti, kule Ohio, saa sita mchana kila mtu hula peke yake ndani ya gari lake, injini ikinguruma kwa ajili ya hita, vioo vimefungwa, macho kwenye simu. Ukiyaona kwa mbali utadhani magari yamefiwa. Jengoni kuna ukumbi wa kulia wenye viti vya kutosha harusi mbili, lakini anayeketi humo ni yule aliyekosa gari.

Rhonda Stuckey alikuwa na gari. Alikuwa pia na miaka arobaini na tatu, magoti ya bibi wa sabini, na kazi ya kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala la vipuri. Kwa miaka mitatu alikuwa akisomea kompyuta, somo moja leo, jingine muhula ujao. Ng'ombe alikwishamla, umebaki mkia: somo la mitandao. Akilimaliza, hospitali ya mji wa jirani ilikuwa inatafuta mtu wa kompyuta, na hawakutaka kusikia habari zako mpaka waone cheti.

Tatizo, mkia wenyewe ulikuwa bado unachapa.

"Mmejisajili tisa," karani wa chuo alimwambia. "Msipofika kumi Ijumaa, somo tunalifuta. Litarudi mwakani."

"Mwakani lini?"

"Mwakani," alisema karani, kama mtu anayejua kwamba mwakani atakuwa kwenye kiti kilekile.

Na Ijumaa hiyohiyo bosi wa ghala alitaka jibu: Rhonda awe msimamizi wa zamu ya mchana, au nafasi apewe mwingine. Mshahara ungepanda. Ila zamu ile na somo la mitandao vilikuwa saa zilezile. Akikataa cheo halafu somo lifutwe, atakosa mwana na maji ya moto.

"Chukua cheo, we mwanamke!" dada yake Charlene alifoka kwenye simu. "Hizo kompyuta vitoto vya darasa la nne vinazichezea kama gololi."

"Nataka kazi ya kukaa, Charlene."

"Hata kanisani unakaa, na hakuna karo!"

Zamani Jumanne zote walikuwa wakienda pamoja kucheza bolingi, kuangusha pini kwa tufe. Kompyuta ilipozimeza Jumanne, Charlene alipata mwenzake mwingine wa kucheza naye. Karo hiyo haikutolewa risiti.

Alhamisi, Rhonda akala supu yake garini akitazama gari la pembeni, Buick kuukuu. Lilikuwa la rangi ya samli, na ndani yake mzee mwenye kofia. Walikuwa majirani wa maegesho tangu Rhonda alipoanza chuo. Alijua kwamba mzee huanza na tango la siki kabla ya mkate, alikijua kikohozi chake, ila jina hakulijua. Kila mchana walipungiana kidevu, basi. Kuzidisha hapo kungekuwa kuvunja nyumba ya mtu.

Siku hiyo akashuka, akagonga kioo.

Sasa, kule hugongi kioo cha gari la mtu isipokuwa wewe ni polisi, au gari linawaka moto. Mzee aliruka, tango likamwangukia mapajani.

"Sijafanya kitu!"

"Samahani, mzee wangu. Mimi ni wa gari hili hapa."

"Najua. Wa supu." Akashusha kioo kidogo.

"Nilikuona na kile kitabu kinene cha kompyuta. Umejisajili somo la mitandao?"

"Niliacha chuo tangu Machi."

"Machi? Hii ni Desemba! Sasa kila siku unafuata nini hapa?"

"Hapa ndipo ninapokula."

Upepo ulikuwa unamkata masikio.

"Nilipiga hesabu," mzee akasema. "Nitamaliza nina miaka sitini na mbili. Nani anaajiri babu? Nikaona faida haifiki nusu ya gharama, nikaacha."

"Ukaokoa kiasi gani?"

"Niokoe nini? Nilicholipa hawarudishi. Sasa nina gharama tupu." Akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kujisimulia kichekesho hicho mwenyewe. "Na nyumbani, tangu mke wangu aondoke, meza imekuwa kubwa mno. Mimi naitwa Lowell Teague."

"Rhonda."

"Haya, Rhonda. Supu itapoa."

Alasiri ile Rhonda alimpigia bosi akakikataa cheo, hata kabla ya kujua kama somo litakuwepo. Usimpigie makofi, haukuwa ujasiri. Alikuwa amejiona ndani ya lile Buick.

Ijumaa jioni karani akampigia. "Mmefika kumi. Una bahati, dada."

Januari, siku ya kwanza, mwalimu aliita majina. Wote waliitika, mpaka akafika, "Teague? Lowell Teague?"

Mwalimu akamwandika hayupo.

Wiki ya kwanza mtu akijitoa hurudishiwa karo yake yote, na somo likishaanza halifutwi. Kila mwanafunzi wa chuo kile analijua hilo, hata aliyeacha tangu Machi.

Mchana Rhonda alipita ukumbini akanunua supu mbili, akatoka nazo mbiombio. Pembeni ya gari lake hapakuwa na kitu, theluji tu. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Labda mzee alitafuta maegesho mengine, ambako hakuna anayemjua kwa jina.

Rhonda akala yake, vioo vimefungwa. Ile ya pili aliiweka mbele, chini ya kioo, ikatoa mvuke mpaka vioo vyote vikaingia ukungu, na nafasi ya pembeni isionekane kama ina mtu au haina.