Kidole Gumba cha Mtunza Stoo

Mtunza stoo wa kambi ya jeshi la anga ya Wirrabee, Australia, hakuiamini kompyuta. Kila asubuhi, mkate uliopakwa Vegemite, ile rojo nyeusi ya chumvi, mkono mmoja, alipita kwenye rafu akibonyeza vipuri kwa kidole gumba, kama anayechagua parachichi sokoni. Luteni Hallett, mgeni kambini, alikuwa akimcheka. Alhamisi moja, ndege inayobeba rada mgongoni ilikwama kwa kukosa pete ya mpira ya kuzuia mafuta yasivuje, na mazoezi ya kijeshi yalikuwa yanaanza baada ya saa moja.

“Mama, kompyuta inasema zimeisha. Kuagiza ni wiki sita,” alisema Luteni.

“Mimi nasema zipo,” alijibu huku akitafuna. “Na hapa kwetu anayekosea hununua katoni ya bia.”

“Haya, tuone!”

Mama akaenda moja kwa moja hadi rafu ya tisa, akavuta droo ya chini, akatoa pete mbili na vyeti vyake vya ubora. “Ziliandikishwa kwa namba ya zamani. Hiyo kompyuta yako inajua namba tu, haijui sura.”

Ndege ilipopita juu ya paa ikinguruma, mafundi walikimbilia nje wakishangilia. Yeye alikuwa ameshafika rafu ya kumi, kidole gumba kazini.

“Luteni!” alipaza sauti kushinda injini. “Hiyo bia iwe ya baridi!”