Uvimbe Nilioulea Kama Mimba
Daktari aliniambia nina uvimbe kwenye kizazi, nipasuliwe mapema. Niliogopa kisu kuliko kaburi. Aliyenipoteza namtaja: ni Kanana, mke wa kaka yangu. "Uvimbe gani, Mama Mwenda? Hiyo ni mimba ya uzeeni!"

Nami mjinga nikakubali, damu ikinitoka nikiificha kwa matambara. Kijiji chetu kizima cha Kibirichia kikanipongeza. Wamama wa kanisa wakaniletea uji wa mtama, halafu wakaniita mbele mtoto aombewe. Pasta alipofumba macho, nikasikia damu ya moto ikishuka miguuni. Nikajua nakufa.

"Mtoto anakuja!" Kanana akapiga vigelegele.

Nikamshika mkono mbele ya kanisa lote. "Hakuna mtoto, Kanana. Hakujawahi kuwa na mtoto. Nipelekeni hospitali."