Mashine Iliyoombewa Kaloleni

Kwa mambo ya friza, Zadock Odongo alikuwa mtu wa kutegemewa Kisumu. Akina mama wanaouza samaki walikuwa na namba yake kwenye simu, na friza ikigoma kugandisha, yeye ndiye aliyepigiwa kwanza. Alifika na mkoba wake, akasikiliza kompresa kama daktari anayesikiliza kifua, akasema tatizo liko wapi, na mara nyingi lilikuwa pale pale aliposema. Hakuwa mtu wa kujisifu. Ndiyo maana hata yeye mwenyewe hakuelewa ni nini kilichomwingia siku ile ya mkutano wa kanisa.

Kazi alifundishwa na mtu mmoja aliyeitwa Laban Wakhisi. Laban alitoka pande za Webuye, akaja Kisumu kufundisha umeme katika chuo cha ufundi, akabaki hapo mpaka akastaafu. Nyumbani kwake Migosi alikuwa na mkebe wa majani ya chai uliojaa chipu za kompyuta za zamani, zile za enzi ambazo kompyuta nzima ilikaa kwenye bodi moja na mtu angeweza kuijua kila waya. Alizichomeka miguu kwenye sponji ili zisipindike. Siku zote alisema akipata nafasi ataziunganisha, atajenga kompyuta yake kwa mkono. Nafasi haikupatikana. Kiharusi kilimwangusha bafuni, na baada ya mazishi mjane wake, Mama Maximilla Nabututu, alimpa Zadock ule mkebe.

"Wewe ndiye ulikuwa unamsikiliza," alimwambia. "Mimi nilikuwa nasema tu atoe takataka kwa kabati."

Zadock aliupokea kwa mikono miwili. Kila alipomaliza kazi za friza, alikaa kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba, Kaloleni, akalehemu. Bodi aliichonga mwenyewe. Akaweka soketi za kushikia chipu, akapitisha nyaya, akatafuta televisheni kuukuu ya kuonyeshea maandishi. Mkewe, Dorca, ambaye yeye na majirani walimwita Mama Shantel, alimwachia aendelee. Kuna waume wenye starehe mbaya kuliko hiyo.

Sasa, kwenye mkutano wa kupanga siku ya vijana, mchungaji aliuliza nani ana kitu cha kuonyesha, kitu cha kuwatia vijana moyo. Mmoja akasifu mtoto wake aliye ng'ambo, mwingine akasifu kwaya. Zadock akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mimi nimejenga kompyuta. Kwa mikono. Na chipu za marehemu Mwalimu Laban."

Watu wakageuka. Mchungaji akapiga meza kwa furaha. "Hiyo! Hiyo ndiyo tunataka!"

Ukweli ni kwamba kompyuta ilikuwa bado haijawaka hata mara moja. Lakini alikuwa na hakika itawaka.

Haikuwaka. Alimaliza kulehemu kwa haraka, akaweka chipu, akawasha. Televisheni ikaonyesha weupe mtupu unaotetemeka. Akapima umeme kwa mita, ukawa sawa. Akapima saa, ile chipu ndogo inayoipigia prosesa, yaani chipu kuu, mapigo, nayo ilikuwa ikipiga vizuri. Akabonyeza kitufe cha kuanza upya mpaka kidole kikauma. Akabadilisha chipu ya kumbukumbu kwa nyingine kutoka kwenye mkebe. Weupe ule ule. Ilibaki njia moja aliyofundishwa na Laban mwenyewe, ya kuifanya prosesa itembee polepole bila kazi na kuiangalia kila hatua, lakini ilitaka utulivu na muda, na ilikuwa alasiri ya Jumamosi, siku moja kabla ya siku ya vijana. Kwa akili yake akakata shauri kwamba chipu zimezeeka zikafa. Nani angelaumu chipu zilizokaa kabatini miaka yote hiyo?

Kwenye rafu palikuwa na kidude kidogo cha kisasa, bodi ndogo ya kompyuta, upana wa vidole viwili, cha aina anayotumia kuonyesha baridi kwenye friza kubwa. Hicho angeweza kukiandikia programu akiwa amefumba macho. Akakiandikia salamu na hesabu ya kujumlisha. Kisha akakibandika kwa gundi chini ya ubao uliobeba bodi kubwa, akapitisha waya mmoja kwenda kwenye televisheni na mwingine kwenye kibao cha vitufe. Kwa juu ulikuwa ukiona tu chipu za Laban, zimepangwa kama askari.

"Ni ya kesho tu," alijiambia. "Nikipata nafasi nitarekebisha yenyewe."

Jumapili baada ya ibada, meza iliwekwa kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Vijana walisongamana na simu zao juu. Zadock akawasha, na maandishi yakatokea kwenye kioo: KARIBUNI. MIMI NI KOMPYUTA YA MWALIMU LABAN. Makofi yakalipuka.

Ndipo mchungaji akamwita Mama Maximilla aje mbele. Zadock hakuwa ametarajia hilo. Mama alikuja polepole, amevaa kitambaa chake cha umoja wa akina mama, akainama mpaka pua ikakaribia bodi.

"Hii ndiyo ile yenye alikuwa anaifuta na kitambaa cha miwani," alisema, akigusa prosesa kwa ncha ya kidole. "Hii kubwa."

"Ndiyo hiyo, Mama," Zadock akajibu.

"Na ndiyo inaandika?"

Hapo palikuwa na mlango, na Zadock aliuona. Angeweza kusema bado, Mama, hii ni maonyesho tu. Watu walikuwa wakimngoja.

"Ndiyo inaandika, Mama."

Akamwonyesha vitufe. Mama akabonyeza namba, akajumlisha na nyingine, jibu likatokea. Akalia. Hakulia kwa sauti, machozi yalimtiririka tu huku akiangalia kioo, na akasema kwa wale waliokuwa karibu, "Alikuwa ananiambia hizi vitu hazijakufa. Mimi nikamcheka." Mchungaji akaweka mkono juu ya televisheni akaombea mashine, akamshukuru Mungu kwa kazi ya mikono ya Laban na uaminifu wa Odongo. Zadock aliinamisha kichwa kama wengine. Neno uaminifu lilimshuka mgongoni pamoja na jasho.

Nyumbani, Dorca alimwekea chai, kisha akabaki amesimama.

"Baba Shantel, hicho kitu umefunga chini ya mbao na gundi ni nini?"

"Umeona wapi?"

"Si mimi nilibeba huo upande mwingine tukiweka kwa meza?"

Zadock akakoroga chai ambayo tayari ilikuwa na sukari. Dorca alingoja, kisha akaingia jikoni. Simu ikalia. Alikuwa Shantel, binti yao, anayesoma chuo kikuu Bondo. Video ilikuwa imemfikia. "Baba, wenzangu hawaamini ni wewe! Mmoja anasoma kompyuta, anataka kuja kuona!" Zadock alisema mtandao ni mbaya, hasikii vizuri, akakata.

Tangu siku hiyo kila mtu alimsalimu kwa jina jipya. Injinia. Muuza mboga, Injinia. Mwenye duka, Injinia, omera, ndugu yangu, umetutoa aibu. Akaanza kupita njia ya nyuma. Kibandani aliifunika ile mashine kwa gunia, akageuza kiti ili akae akiipa mgongo.

Kisha Mama Maximilla akapiga simu. Ndugu za Laban walikuwa wanakuja kutoka Webuye kwa ibada ya kumbukumbu, na alitaka mashine ikae sebuleni kwake wakati huo. "Na ikibidi ibaki kabisa," alisema, "nitaishonea kitambaa."

Zadock akasema anairekebisha kidogo. Alipopiga tena, akasema bado kidogo. Mara ya tatu hakushika simu. Aliitazama ikitetemeka juu ya meza mpaka ikanyamaza, na Dorca naye akiitazama. Kisha Zadock alivaa shati safi akaenda Migosi.

Mama alimkaribisha, akamletea maji. Zadock hakuyagusa.

"Mama, ile mashine ya kanisani haikuwa inafanya kazi."

"Nilibonyeza mimi mwenyewe, Zadock."

"Ulibonyeza kitu kingine. Niliweka kidude cha kisasa chini, ndicho kilikuwa kinaandika. Zile za Mwalimu zilikuwa zimekaa tu."

Mama alikuwa akimwangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Na Zadock, badala ya kunyamaza hapo, akaona lazima ajitetee kidogo.

"Nilijaribu, Mama. Shida ni hizo chipu. Zimeshakufa. Zimekaa sana."

"Kwa hivyo," Mama alisema taratibu, "Laban alikuwa ameweka maiti kwa mkebe. Na mimi nikasimama mbele ya kanisa nikasema ziko hai." Akainuka, akachukua ile glasi ya maji iliyojaa, akairudisha jikoni. Aliporudi alibaki mlangoni. "Niletee vitu vya bwanangu. Zote. Hata kama zimekufa ni zake."

Asubuhi yake Zadock aliketi kibandani kuzitoa. Alishika prosesa kwa koleo, akasita. Mtu anayerudisha chipu kama maiti alipaswa angalau kuipima. Aibu ndiyo iliyompa utulivu ambao haraka ilikuwa imemnyima.

Akafanya ile njia ya Laban. Aliunganisha nyaya zote ambazo prosesa husomea amri akazipeleka kwenye sifuri, maana kwa prosesa hiyo sifuri ni amri ya kutofanya chochote, songa mbele tu. Akapunguza mwendo wa saa mpaka mapigo yakaweza kufuatwa kwa jicho. Kwenye miguu ya anwani, ambayo prosesa huitumia kusema iko hatua gani, akafunga taa ndogo nyekundu. Prosesa iliyo nzima ingehesabu: taa ya kwanza ikiwaka na kuzima haraka, ya pili polepole zaidi, ya tatu polepole zaidi ya hiyo.

Akawasha. Taa zikaanza kutembea.

Alisogeza kiti karibu. Prosesa ya Laban ilikuwa hai. Ilikuwa inahesabu bila kukosea, inasonga mbele. Isipokuwa taa mbili katikati, zilizokaa jirani: hizo ziliwaka kwa pamoja na kuzima kwa pamoja, kama watu waliofungwa mguu kwa kamba moja. Akaweka ncha za mita kwenye miguu hiyo miwili. Mita ikalia: miguu ilikuwa imegusana.

Aliing'oa soketi kwa uangalifu. Chini yake, mahali ambapo plastiki ilificha, kulikuwa na tone la risasi ya kulehemu, dogo kuliko punje ya wimbi, limeunganisha miguu miwili. Lehemu yake. Mkono wake na haraka yake. Akalifuta, akaweka soketi nyingine, akakibandua kile kidude cha chini, akarudisha kila kitu mahali pake, na kioo kikatoa alama ya kungojea amri, mraba mdogo unaopepesa.

Siku nyingine angepiga kelele Kaloleni nzima isikie. Alizima mashine akakaa, mikono katikati ya magoti. Mashine alikuwa ameitengeneza. Lakini maneno aliyoyasema sebuleni kwa mjane hayakuwa na soketi ya kung'oa. Alikuwa amemzika Laban mara ya pili, ili tu asionekane fundi mbaya.

Aliibeba ile mashine hadi Migosi. Mama alifungua mlango akamwona na mzigo.

"Nilisema chipu tu."

"Mama, hazijakufa. Hazikuwahi kufa. Kosa lilikuwa kulehemu kwangu. Nilikudanganya kanisani, halafu nikaja hapa nikamsingizia Mwalimu."

Alimruhusu kuingia. Zadock akawasha, kioo kikapepesa, akamwandikia hesabu ndogo na jibu likatoka. Mama Maximilla hakulia safari hii. Alivuta kiti, akaketi, akapitisha mkono wake chini ya ubao, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo, akipapasa. Zadock alisimama akimwangalia akipapasa.

"Hakuna kitu," Mama alisema alipomaliza.

"Hakuna, Mama."

"Sawa. Iache hapa. Wale wa Webuye wataiona." Akajifuta vumbi mkononi. "Na kanisa?"

"Jumapili nitasema."

Alisema. Alisimama baada ya matangazo, akashika kipaza sauti, akaeleza habari ya kidude na gundi, na ya tone la risasi. Mchungaji alitazama sakafu, maana ni yeye aliyeombea. Kijana mmoja alicheka, akanyamazishwa. Wengi hawakuelewa tofauti. Walisikia mashine ilijumlisha, si ilijumlisha? Dorca pekee ndiye aliyeinua uso akamtazama moja kwa moja, na Zadock alipokaa, akamsogezea kitabu cha nyimbo.

Nje, mama mmoja anayeuza samaki wa mbuta, Aloo kwa jina, alimshika mkono wa shati. "Odongo, na friza yangu? Gesi uliweka kweli?" Watu wakacheka, naye Aloo akacheka kidogo, lakini mkono hakuuachilia.

Kesho yake Zadock alienda kwake bila kuitwa. Akafungua nyuma ya friza, akafunga geji yake ya kupimia gesi, akamwita Aloo aone mshale uliposimama.

"Umeona? Umesimama mahali pake."

Aloo aliinama, mikono yake ikinuka samaki, akaangalia ile geji kwa muda.

"Mimi sijui kusoma hiyo kitu," alisema. "Nakuangalia wewe."